Verlin Stamey wa Namba 83, Aliyetutoka Siku ya Jumatatu

"Wape gari, Verlin."

"Siwapi."

"Wanakupa injini, mwanaume! Injini mpya kabisa, na matairi ambayo hayajawahi kugusa lami. Unataka nini tena, malaika washuke na jeki?"

"Nataka kuendesha gari langu."

"Gari lako! Hilo gari linashikiliwa na waya na sala za mkeo Oleta."

"Basi waya na sala zitanifikisha. Sogea, kaka, niingie."

"Ukiingia humo mimi naondoka. Nakwambia mbele ya watu wote hawa. Naondoka na sirudi."

"Si ulisema hivyohivyo kule Virginia?"

"Kule nilikuwa natania."

"Na kule South Carolina?"

"Verlin, usinichezee!"

Hayo, Baba, ndiyo mliyoambiana wewe na baba mkubwa Hoyt, kaka yako na fundi wako mkuu tangu gari la kwanza, pale uwanja wa Brushy Fork, Jumapili ile ya Agosti. Watu wamejaa majukwaani, magari yanapangwa, na sisi wengine tumesimama na madebe ya petroli mikononi hatujui tumtazame nani.

Mwaka umezunguka sasa. Umezunguka wote ukarudi palepale, na sisi bado tumesimama vilevile, midomo wazi. Maana kesho yake ulikufa. Tunasema hivyo, ulikufa, kwa sababu neno la kulainisha hatujalipata, na tumelitafuta mwaka mzima.

Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa Jumapili. Miaka yote hiyo, Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuogopa. Mama alikuwa anaweka redio kwenye dirisha la jikoni, simu iko karibu, na mikono haitulii, anamenya viazi ambavyo hakuna atakayevila. Mtangazaji akisema namba themanini na tatu imegusa ukuta, Mama anasimama na kisu hewani mpaka asikie umetoka garini. Ukitoka, kisu kinaendelea. Lakini Jumatatu? Jumatatu Mama alikuwa anafua na kuimba. Jumatatu ulikuwa wetu, mzima, umekula, umeenda kazini kama waume wa wenzake.

Simu ilipolia siku ile alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni. Akavitoa, akapokea, akidhani ni dada yake anaulizia maharage ya kusindika. Ilikuwa ni msimamizi wako wa kiwanda cha soksi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwa upole kabisa, kama anamwelekeza mtu aliyepotea njia: "Hapana, bwana, umekosea. Mbio zilikuwa jana."

Mpaka leo, Baba, sisi tupo hapohapo kwenye hilo jibu. Mbio zilikuwa jana. Mtu aliyebiringika kule Georgia mpaka gari likalala chali. Mtu aliyepita kwenye moto na akatoka na nyusi nusu, akalalamikia nyusi tu. Mtu huyo aje afe amepiga magoti mbele ya mashine ya soksi, anabadilisha sindano! Bi Zelma wa mashine ya pembeni alidhani umeangusha kitu unakitafuta. Akakwambia, "Verlin, ukiiona na hereni yangu huko chini niokotee." Akacheka peke yake. Ndipo akakutazama vizuri.

Daktari alisema ni moyo, umesimama tu. Umesimama tu! Hatujaelewa, na hatutajifanya tumeelewa.

Wapo wanaokujua kwa redio peke yake, na hao hawakujui. Redioni ulikuwa yule anayetajwa mwisho, "na Verlin Stamey, dereva wa kujitegemea," basi, wanahamia kwa wengine. Dereva wa kujitegemea maana yake huna tajiri nyuma yako. Gari ni lako, deni la gari ni lako, na likivunjika unalichomelea mwenyewe bandani baada ya kazi. Siku za wiki ulikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha soksi. Jumamosi unapakia gari kwenye trela. Jumapili unashindana na watu ambao kazi yao ni hiyo tu, wanalala hotelini, wana mtu wa kuwafutia kioo.

Ramani yako ilikuwa rahisi. Kama uwanja uko mbali kiasi kwamba hatutawahi king'ora cha kiwanda Jumatatu asubuhi, hatuendi. Wenzako walikuwa wanakwambia, "Verlin, twende Michigan, kuna pointi nyingi kule." Ukawajibu, "Soksi hazijifumi." Kwa hiyo hukumaliza msimu mzima hata mara moja. Ulikimbia vipande vipande, huku na huku, ukiwahi kurudi.

Na soksi ndizo zilizokuendesha. Timu nyingine zilikuwa na matambara, sisi tulikuwa na magunia ya soksi zilizokataliwa kiwandani, moja ndefu moja fupi, nyingine kisigino kimekaa mbele. Tulifutia oili, tulivaa mikononi tukishika bomba la moto, tulizibia hata tundu la boneti. Wale wa timu kubwa, wenye malori yaliyopakwa rangi, walikuwa wanakuja wenyewe. "Verlin, una soksi?" Unawapa gunia zima. Wakiondoka wanaacha matairi waliyoyatumia kidogo tu, kama wameyasahau. Ukimbie miaka yote ile kwa matairi ya watu na usiwe ombaomba. Hilo uliliweza wewe.

Ulikuwa na adabu barabarani kuliko watu wengi kanisani. Gari la kasi likija nyuma yako, unatoa mkono dirishani unaonyesha kidole: pita huku. Hukumfungia mtu njia bure. Vijana wa timu kubwa za mji wa Charlotte walikuwa wanakutania, "Mzee Verlin, hilo gari lako lina breki peke yake, mafuta hawakuweka?" Ukawajibu, "Lina na kioo cha nyuma, ndiyo maana nakuoneeni huruma mnavyonyanyasana huko." Walicheka. Lakini wote walijua kwamba wakikuta kidole chako kinaonyesha kushoto, kushoto ni salama.

Mchungaji alikuwa anakuombea kila Jumapili ya mbio, kwa jina, kwa sauti, watu wote wageuke watazame kiti chako kitupu. Jumapili isiyo ya mbio ulikuwa unakaa mbele kabisa ili awe na kazi ya kutafuta mtu mwingine.

Mimi Dewey nilipoacha shule hukupiga kelele. Mama alipiga, ya kwake na ya kwako. Wewe ulisubiri amalize, ukanichukua kiwandani, ukanionyesha mashine inavyofuma, ukaniambia, "Hii nayo ni shule. Ila hapa ukikosea kuna mtu vidole vyake vitapata baridi." Basi. Hukurudia tena neno juu ya jambo hilo mpaka unakufa. Binti yako Wilma ulimfundisha kubadilisha gia boksi kabla hajafundishwa kusuka nywele, na alipoolewa ulimwambia bwana harusi, "Akikwambia gari lina mlio, usibishane naye."

Na meno. Hatuwezi kuandika habari zako tukaacha meno.

Ulikuwa na meno ya bandia, juu na chini, tangu usukani ulipokupiga mdomoni enzi za viwanja vya udongo. Kila kabla ya mbio ulikuwa unayatoa usije ukayameza ukigonga. Madereva wengi wa umri wako walifanya hivyo, na kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumwekea. Huwezi kumpa yeyote tu meno yako. Wako alikuwa baba mkubwa Hoyt. Unayafunga kwenye soksi safi, unampa, anayaweka mfuko wa shati, upande wa kushoto, anafunga kifungo. Halafu anakupiga begani mara moja, ndiyo unaingia garini. Tangu tunazaliwa tumeona hivyo. Mlikuwa hamuagani kwa maneno, mlikuwa mnaagana kwa meno.

Sasa Jumapili ile. Watu wamesema mengi, mengine ya uongo, acha tuseme sisi.

Timu moja kubwa ya Charlotte, nyota wao alikuwa ameliponda gari Jumamosi kwenye mazoezi. La akiba hawakuja nalo. Na sheria ya mbio inasema pointi zinakwenda kwa yule aliyekaa kwenye usukani bendera ya kuanzia inaposhuka. Akishaanza, hata akitoka baada ya mzunguko mmoja, pointi ni zake. Kwa hiyo walihitaji gari, lolote, lenye nafasi kwenye mstari. Na wewe ulikuwa na nafasi, safu ya mwisho, lakini nafasi. Meneja wao akaja na miwani yake ya jua akasema wanachotoa: injini na matairi. Ni jambo la kawaida, madereva wadogo hulifanya, hakuna anayekucheka.

Baba mkubwa Hoyt hakuwa na tamaa. Hilo tuliseme wazi. Yeye ndiye aliyekuwa analala chini ya lile gari. Alijua injini yako imechoka kuliko ulivyokubali kujua. Aliona msimu mzima unaokuja, injini ambayo haitoi moshi, wewe unakimbia bila kuonyesha watu kidole wapite. Alikuwa anakutakia wewe.

Na wewe ulimwambia nini? Ulimwonyesha jukwaani. Walikuwa wamekaa pale, watu wa kiwandani, safu tatu nzima, Bi Zelma na bango alilolishona kwa vipande vya soksi, namba themanini na tatu, nane imepinda. Ukasema, "Wamekuja kuniona mimi. Nikimpa yule kijana kiti changu, nitawatazamaje kesho?"

"Utawatazama ukiwa na injini!"

"Hoyt. Hapa ni nyumbani."

"Nyumbani ndiyo utakapolipua hiyo takataka, kila mtu aone!"

Ndipo ukaingia. Na baba mkubwa akavua vazi la timu, akalitupa juu ya rundo la matairi, akaondoka kweli. Alikuwa ameshaacha kazi mara nyingi, kila msimu anaacha, lakini siku zote alikuwa anafika kwenye lori tu, anakaa ndani amenuna, halafu anarudi kubadilisha tairi la kwanza. Safari hii tulisikia lori linawaka.

Wilma ndiye aliyekumbuka. Akatoka mbio, viatu mkononi, anapiga kelele, "Baba mkubwa! Meno! Baba mkubwa, una meno ya Baba!"

Lori lilikuwa limeshapita geti. Aliondoka na meno yako mfukoni.

Ulipoambiwa, ukiwa umeshafungwa mikanda, ulicheka ule mcheko wako wa bila meno. "Basi atarudi," ukasema. "Hawezi kula na meno ya watu wawili."

Mbio zilivyokwenda, Baba, unajua mwenyewe. Lakini tuseme kwa ajili ya ambao hawakuwepo. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Wale wakubwa wakaanza kusukumana mapema, kila mmoja anataka ndani ya kona. Kwenye kona ya tatu wakagongana kwa pamoja, magari yakapandana, moshi ukafunika kila kitu. Tukasema basi, na yeye yumo. Ukatoka chini ya moshi ule, polepole, upande wa ndani kabisa, mkono nje ya dirisha, unawaonyesha wa nyuma yako pa kupita. Hata pale!

Halafu injini za watu zikaanza kufa kwa joto, na yako, ile takataka, ile ya waya, ikagoma kufa. Wilma alikuwa ameshika ubao wa kukuandikia nafasi yako. Akaandika kumi na mbili. Akaandika kumi. Alipoandika tisa ukapita ukimtikisia ngumi, ukidhani anakutania. Akakuonyesha tena mzunguko uliofuata, tisa. Ukatikisa ngumi tena. Mara ya tatu ukapita mkono umetulia tu juu ya mlango, hausemi kitu.

Wa tisa. Miaka yote ile hukuwahi kufika hata wa tisa.

Watu wa kiwandani walivuka uzio. Bi Zelma alikuvisha bango shingoni. Mtu wa redio, ambaye alikuwa hajawahi kukuuliza hata hali ya hewa, alikuwekea kinasa sauti mdomoni, na wewe huna jino hata moja. Ulisema unawashukuru watu wa soksi. Ilitoka kama mtoto anayeomba maji. Mama jikoni alicheka mpaka akakaa chini. Anasema alicheka kwa sababu ulikuwa mzima, na kwa sababu mbio zimekwisha, na kwa sababu sasa ni jioni na hakuna kibaya tena kinachoweza kutokea.

Ulifika nyumbani, ukala mkate wa mahindi umeloweka kwenye maziwa ya mgando, kwa kijiko, maana nyama ungeitafuna na nini.

"Hoyt amesikia redioni?" ukauliza.

"Kila mtu ana redio," Mama akasema.

"Hajapiga simu."

"Na wewe hujapiga."

"Kesho nikitoka kazini nitapita kwake nichukue meno yangu."

"Na utamwomba radhi?"

"Nitamwomba meno. Yeye akitaka kuunganisha na radhi, shauri yake."

Mama akakupiga na kitambaa cha vyombo. Tulicheka. Ulikuwa na furaha ambayo hatujui kuielezea, ulikuwa unapita kila chumba unagusa vitu. Asubuhi uliamka kabla ya wote, ukachukua kopo lako la chakula, ukaenda kwenye soksi. Wa tisa, bila meno, umewahi king'ora.

Jioni haikufika.

Tumekasirika, Baba. Hatukasirikii mbio. Mbio tungezielewa. Tungejua tumlaumu nani, ukuta, tairi, joto, yule meneja, hata wewe mwenyewe na ukaidi wako. Kuta zote zile zilikuacha. Halafu unachukuliwa na asubuhi ya kawaida, redio imezimwa, hakuna mtu anayetazama. Mama mpaka leo Jumatatu hafui. Nguo zinakaa mpaka Jumatano. Jumatatu Wilma anashinda kwake, ili simu ikilia aipokee yeye.

Na baba mkubwa. Yeye ndiye anayetuumiza zaidi, tuseme ukweli, kwa sababu wewe tunajua uko wapi.

Asubuhi ya maandalizi ya mazishi alifika nyumba ya maiti kabla hatujafika sisi. Mwenye nyumba hiyo ya maiti ndiye aliyetusimulia. Alisema Hoyt aliingia, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa soksi, akaiweka juu ya meza. "Haya ni yake," akasema. "Muwekeeni, hapendi kuonekana bila haya." Akatoka. Kwa hiyo ulizikwa na meno yako, Baba, ukiwa mtanashati. Lakini ibada nzima yeye alikaa nje kwenye lori, kioo kimeshushwa, asikie nyimbo.

Tangu hapo hajatamka jina lako. Mtu akilitaja kwenye gereji yake, anaweka spana chini anatoka nje. Bandani kwetu hajakanyaga. Gari lako tumelifunika, na vazi lake la timu bado liko palepale alipolitupa, juu ya matairi, tulivirudisha vyote kutoka uwanjani kama vilivyo. Hakuna aliyethubutu kulikunja. Mama alimpelekea pai ya matofaa, sahani ikarudi imeoshwa, haina neno. Tulichokiogopa ni kwamba atakufa hivyohivyo, amenyamaza, na ugomvi wenu utabaki hapa juu peke yake, hauna mwenyewe.

Wilma alimfuata majira ya kuchipua, akamkuta chini ya gari la mtu.

"Baba mkubwa, mpaka lini?"

"Mpaka lini nini?"

"Hujafika kaburini hata mara moja."

"Kaburi halina magurudumu. Litanisubiri."

"Mama analia kwa ajili yako kuliko anavyomlilia Baba."

"Mwambie aache. Nipe hiyo spana ndogo."

"Chukua mwenyewe!" Akaipiga teke ikaingia mtaroni. Baba mkubwa alibaki chini ya gari. Wilma anasema aliona viatu vyake tu.

Wanasema mwaka ukipita machozi yanakauka. Yetu hayajaanza vizuri, tulikuwa bado tunashangaa. Lakini tumekaa pamoja tukasema tuandike, watu wa Brushy Fork na watu wa kiwandani wajue kwamba namba themanini na tatu ina wenyewe. Verlin Stamey, baba mwenye mkono nje ya dirisha, hatutakuacha nyuma popote tutakapokwenda, na jina lako litatajwa mezani kwetu siku zote tutakazokula.

Wanaokukumbuka ni mkeo Oleta. Ni binti yako Wilma na mumewe, ambaye habishani tena kuhusu milio. Ni wajukuu zako wawili, mdogo hukumwona, anaitwa Verlin na yeye pia hana meno. Ni mimi Dewey. Ni Bi Zelma na wote wa chumba cha kufumia.

Na kaka yako, Hoyt.

Yeye tulikuwa hatujui tumwandike au tumwache. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa makaburini tunang'oa magugu, Mama amekaa kwenye kiti chake cha kukunja. Lori likasimama kule chini. Tukamwona anashuka, amevaa suti ya kanisani, na kanisani hakuwepo. Akapanda taratibu. Mama akatuambia kwa sauti ya chini, "Msimtazame." Tukatazama majani.

Akaja mpaka miguuni pako. Akavua kofia. Wilma alikuwa amenishika mkono mpaka ukaniuma. Tulidhani atakuomba msamaha, au atakutukana.

"Nilikuwa nije Jumanne," akasema.

Akaizungusha kofia mikononi.

"Nilisikia redioni. Nilisikia yote. Nikasema ngoja Jumatatu ipite, hasira ishuke, Jumanne nitakwenda. Si kila mara nakuja, Verlin? Kuna siku sijaja?" akauliza. "Maisha yako yote unawapisha watu. Wote unawapisha. Sasa Jumatatu ile ulikuwa na haraka gani?"

Akangoja. Kweli kabisa, Baba, akangoja, ameinamisha kichwa kidogo upande wa sikio lake linalosikia vizuri, kama mtu aliyeuliza na anasubiri kujibiwa. Kisha akavaa kofia yake, akageuka, akateremka kilima kwenda kwenye lori.